Bampa limebonyea, maji ya moto yamegoma: nimwachie fundi wa puti?

SWALI

Habari za kazi, fundi. Nipo Mbeya, naendesha Toyota IST. Nilikuwa narudisha gari nyuma nikagonga nguzo, bampa la nyuma upande wa kulia likaingia ndani, ukubwa wa sahani ya wali. Rangi haijabanduka, kuna mchubuko kidogo tu. Nilisikia maji ya moto yanalirudisha, nikamwagia ya kwenye chupa ya chai nikasukuma, wala halikusogea. Fundi wa huku anataka kupiga puti, ile pasta ya kujazia mabonde kwenye bodi, na kupaka rangi upya. Mke wangu ana mashine ya kukaushia nywele. Nifanye mwenyewe au nimwachie fundi?

JIBU

Fanya mwenyewe ndugu yangu, na puti uiache kabisa. Rangi ya kiwandani ikiwa bado imeshika vizuri, hiyo ni mali. Ikishapigwa msasa ndiyo imekwenda. Puti ya kawaida ya bodi imetengenezwa kwa ajili ya kupakwa kwenye bati. Ikikauka inakuwa ngumu, na bampa linacheza kila siku: linaegemewa na goti unapopakia mzigo, linagusa ukingo wa barabara. Plastiki inanyumbuka, puti hainyumbuki, ufa unaanzia hapohapo. Ipo puti ya plastiki inayonyumbuka, lakini hata hiyo ni ya kuzibia mikwaruzo na vishimo vidogo. Si ya kujazia bonde la ukubwa huo.

Maji yako yaligoma kwa sababu yalikuwa ya vuguvugu. Chungulia upande wa ndani wa bampa, utakuta maandishi madogo yaliyochorwa kwenye plastiki yenyewe. Kwa bampa nyingi yanaanza na PP, mengine yameandikwa TPO. Hiyo ni plastiki aina ya polipropilini iliyochanganywa na mpira. Huanza kuyeyuka ikikaribia nyuzi joto 160, ila ikifika 80 hadi 100 inalegea na inakubali kurudi kwenye umbo ililotoka nalo kiwandani. Sasa hesabu hali ya huko kwenu. Mbeya iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama huku Dar es Salaam. Yakikaa kwenye chupa yanashuka tena. Yakigusa plastiki iliyolala nje kwenye baridi ya Mbeya, yanapoa kabla hayajaingia ndani. Ukasukuma kitu ambacho bado ni kigumu.

Kabla ya kurudia, kagua mambo mawili. La kwanza ni ufa. Osha bampa, likauke, kisha pitisha kucha taratibu kuzunguka sehemu iliyobonyea, nje na ndani. Kucha ikikwama kwenye mstari uliopasuka, usisukume, utaurefusha. La pili ni rangi. IST zetu nyingi zimekuja zikiwa zimetumika, na nyingine zimeshapigwa rangi njiani. Itazame juani: rangi ya bampa ikitofautiana na ya mlango wa nyuma, au ukiona matone yaliyoganda kwenye kingo za chini, hiyo si ya kiwandani, na maji yanayochemka yanaweza kuiinua kama malengelenge.

Ukiridhika, egesha gari juani saa za mchana, zima injini, funga breki ya mkono, uache bomba la moshi lipoe kabisa, maana mkono wako utapita karibu nalo. Unahitaji nafasi ya kufika nyuma ya bampa. Jaribu kwanza kuingiza mkono kwa chini. Usipofika, toa skrubu na klipu zinazoshika bampa kwenye ukingo wa tairi, pamoja na zile za chini. Klipu za plastiki zina kichwa cha kati: kiinue kwanza kwa bisibisi bapa ndipo uvute klipu nzima, la sivyo utazivunja zote. Gari lisipandishwe jeki kwa kazi hii.

Chemsha maji mengi, sufuria kubwa pamoja na birika, na uyatumie yakiwa bado yanatokota. Vaa glavu nene za mpira na viatu vya kufunika vidole. Mwaga polepole, na hapa ndipo wengi wanapokosea: usimwagie katikati ya shimo peke yake. Kinachoshikilia shimo ni ule mzunguko wake, pale plastiki ilipojikunja. Kizuizi kiko pembeni. Mwagia duara zima, vidole vinne nje ya shimo, ukizunguka bila kusimama. Birika la kwanza likiisha, mashine ya mkeo ndiyo inapata kazi: iweke moto wa juu, umbali wa kiganja, uzungushe kwa dakika kadhaa joto lisitoroke, kisha mwaga birika la pili. Mashine hiyo ni salama kwa rangi. Blowa ya fundi simu ni kitu kingine, inapita nyuzi 400. Ikisimama sehemu moja kwa sekunde chache rangi inatutumka na plastiki inabaki na kovu. Moto wa mkaa au wa gesi usiusogeze kabisa.

Plastiki ikiwa tayari utaijua kwa mkono: ukibonyeza kwa nyuma inakubali, hairudishi kwa nguvu. Anza kusukuma kwenye ukingo wa shimo, sogea kidogokidogo kuelekea katikati, kwa kiganja au kwa mpini wa nyundo uliozungushiwa kitambaa. Ncha kali inaacha chunusi upande wa nje. Mara nyingi shimo linarudi kwa mkupuo mmoja na sauti ya “pup”. Endelea kulishikilia hapohapo huku mwenzio anamwagia maji baridi hadi plastiki ipoe. Ukiachia ikiwa ya moto, itajilegeza na kuingia ndani tena. Lisiporudi lote, rudia. Kila mzunguko unapunguza kidogo.

Ukiwa umefungua, mulika tochi ndani. Kwenye magari mengi, nyuma ya ganda la plastiki kuna sponji ngumu, na nyuma ya sponji kuna chuma. Hivyo viwili ndivyo vinavyobeba pigo la ajali. Ganda ni sura tu. Sponji iliyopondeka haifufuki kwa maji ya moto, na chuma kilichopinda kinatakiwa kuonwa na fundi bodi. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu nimefungua bampa nyingi zilizong'arishwa nje wakati ndani chuma kimekunjana, na mwenye gari hakuambiwa.

Kunaweza kubaki mstari mwembamba pale mkunjo ulipokuwa mkali. Huo joto haliutoi. Mchubuko ulioutaja, kama kucha haizami, tumia msasa wa maji namba 2000, mikono miepesi, kisha polishi. Ukizama hadi plastiki nyeusi, peleka kwa fundi wa rangi, na muulize kama ana praima ya plastiki, ile inayopakwa kwanza ili rangi ishike. Bila hiyo, rangi inabanduka vipande kama ganda la yai.

Na kama ulikuta ufa, gundi za dukani hazishiki vizuri kwenye PP, hata zile kali. Ufa mfupi unachomelewa kwa joto, kwa ujiti wa plastiki ya aina ileile. Kushona kwa waya kunalishikilia bampa lisidondoke, basi. Ufa ukikatiza pembe au sehemu za kufungia klipu, nunua bampa jingine lililotumika. Kabla ya kumpigia muuzaji, fungua boneti usome kibati cha gari, mstari wa rangi: kwa Toyota 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 ya fedha. Mtajie namba hiyo pamoja na mwaka wa gari, kwa sababu ukipata la rangi yako unalifunga siku hiyohiyo bila kulipia kazi ya rangi.