Usimfanye mtoto balozi wa kabila lake

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mimi huketi na vijana wa miaka 13 hadi 17 katika ukumbi mmoja wa mtaa huku Eastlands, Nairobi. Tunatazama filamu fupi, kisha tunazungumza kuhusu tamaduni zetu na za wengine. Mwaka wa sita huu. Wanaotaka kuanzisha kikundi cha aina hii huniuliza kwanza waonyeshe filamu gani. Mimi huanza kwa kuwasimulia kosa nililomfanyia msichana mmoja.

Siku hiyo tulitazama Watu Wote, filamu ya dakika 22 iliyotoka mwaka 2017, ikaongozwa na Katja Benrath na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Inatokana na kisa cha kweli. Desemba 2015, wapiganaji wa al-Shabaab walivamia basi lililokuwa likielekea Mandera, kaunti ya kaskazini mashariki mwa Kenya wanakoishi Wasomali wengi, wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa katakata. Wapo waliowavisha wenzao mavazi yao ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika shambulizi hilo, na Januari 2016 akafariki.

Tulipowasha taa, hakuna aliyesema neno. Mimi sikuvumilia ule ukimya. Nikamgeukia msichana wa Kisomali, wa pekee aliyekuwapo siku hiyo, nikamwambia, "Hebu tueleze, nyinyi huko kwenu mnalionaje jambo hili?" Vijana zaidi ya ishirini wakamgeukia kwa pamoja. Aliinamisha kichwa, akaanza kuvuta uzi uliochomoza kwenye upindo wa hijabu yake, akauvuta mpaka ukakatika. Hakunijibu. Mikutano miwili iliyofuata hakuonekana.

Aliporudi nilimwita kando, nikamwomba radhi. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hata mimi Mandera sijawahi kufika." Alizaliwa Eastleigh, hapa hapa Nairobi, akalelewa Eastleigh, na habari za lile basi alizisikia kwenye televisheni kama sisi wengine. Nami nilikuwa nimemtaka awasemee watu wa kaunti nzima, mbele ya wenzake, bila hata kumuuliza kama yuko tayari.

Tangu siku hiyo simuulizi mtoto yeyote habari za "watu wake". Mwenye la kusema atalisema mwenyewe, na kweli husema. Kuna siku tulitazama filamu fupi ya Kijaluo yenye maandishi ya Kiswahili chini. Bibi kwenye filamu alitamka jambo, na kijana mmoja, mkimya ambaye kwa miezi sijamsikia hata akiomba maji, akaangua kicheko kabla maandishi hayajatokea. Wote wakamgeukia: "Amesema nini? Amesema nini?" Akaeleza kwamba tafsiri imepunguza utamu, kisha akaendelea kutufafanulia kila kauli ya yule bibi hadi mwisho. Hakuna aliyemteua. Kwa hiyo nakushauri utafute filamu zenye lugha za nyumbani kwao, hata kama wewe mwenyewe huzielewi. Hasa kama huzielewi.

Swali lako la kwanza baada ya filamu lisiwe "mmejifunza nini?" Vijana wa Nairobi wanajua jibu unalolitaka na watakupa: tupendane, sote ni Wakenya. Mazungumzo yatafia hapo. Uliza waliona nini. Tulikuwa na filamu ambayo mvulana anakaripiwa na babu yake huku akitazama sakafu. Niliisimamisha papo hapo, nikauliza wanaona nini. Nusu ya ukumbi wakasema anaficha jambo, ndiyo maana hawezi kumtazama babu machoni. Nusu nyingine wakashangaa: mtoto mwenye adabu anawezaje kumkodolea mzee macho? Msichana mmoja akasema kwao nyumbani hutazama chini baba anapomsemesha, lakini shuleni mwalimu humfokea, "Niangalie ninapozungumza nawe!" Tukaongea karibu dakika arobaini juu ya picha ile moja iliyoganda kwenye shuka letu jeupe. Mwisho wa filamu tuliuona mwezi uliofuata.

Ndiyo sababu napenda filamu zisizozidi dakika 20 hivi. Ya saa moja na nusu inawaacha wamechoka, na wewe unabaki kuwahimiza watu wanaowaza matatu ya kurudi nyumbani.

Itazame mwenyewe kwanza, mara mbili. Angalia daraja iliyopewa na bodi ya kuainisha filamu nchini, KFCB, kwani ya 16 si ya mtoto wa miaka 13. Ipakue mapema, stima zikipotea uwe nayo kwenye simu. Na ukiwa na pesa kidogo, nunua spika nzuri kabla ya projekta. Picha hafifu vijana huivumilia. Sauti isiyosikika huwafanya waanze kupiga soga.

Ziogope filamu ambazo jamii fulani inaonekana ikicheza ngoma tu, au ikilia tu. Kijana aliyemwona Mmaasai akiruka na mkuki hajamwona Mmaasai anayedaiwa karo. Na usiishie kwenye yale "makabila 42" tuliyokaririshwa: mwaka 2017 pekee serikali iliwatambua Wamakonde kuwa kabila la 43, na Wakenya wa asili ya Kihindi la 44. Kikundini kwangu yumo mvulana wa Kihindi ambaye kila anapokutana na mtu mpya huulizwa atarudi kwao lini. Ameshazoea swali hilo, na kuzoea kwake ndiko kunakoniuma.

Wakishazoea kutazama, wape simu watengeneze zao. Mimi huwapa sharti moja: rekodi kitu cha kawaida kinachofanyika nyumbani, dakika tatu, usieleze chochote. Walileta viatu vilivyopangwa mlangoni, ugali ukisongwa, shangazi akisalimiwa kwa mikono miwili.

Kijana mmoja, wazazi wake wa Kakamega, aliomba ruhusa kwa jirani zao Wasomali arekodi mlo wa mchana. Simu imetulia juu ya sinia: wali, nyama ya mbuzi, ndizi mbivu. Mama mwenye nyumba anamenya ndizi, anaikata kwa vidole, anaiweka kando ya wali upande wa mgeni. Kisha picha inatikisika, maana kijana anarekodi kwa mkono wa kushoto huku akila kwa wa kulia. Kimya kidogo. Halafu sauti yake, naye haonekani: "Kumbe." Filamu inaishia hapo.

Tulipoionyesha, ukumbi ulicheka kwa furaha. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa yule msichana wangu wa Eastleigh.

"Mwalimu, rudisha nyuma kidogo," alisema. "Nataka kuona alivyoimenya ile ndizi. Sisi kwetu hatumenyi hivyo."