Unaanza kusoma habari za Gurkha? Anzia jikoni

Wadogo zangu mnaoingia kwenye historia ya majeshi ya kikoloni, hizo stori za visu vya khukuri na ujasiri wekeni pembeni kwanza. Ulizia askari alikuwa anapika wapi, anakula na nani na inamchukua muda gani, maana sababu kubwa ya Waingereza kuwang'ang'ania Gurkha, hawa watu wa Nepal waliowaajiri kama askari, imejificha humo.

Chukua jeshi la Bengal, la Waingereza kule kaskazini mwa India. Askari wake wengi walikuwa Wahindu wa tabaka za juu, Brahmin na Rajput wa Awadh na Bihar, na mtu alikuwa na vyombo vyake vya shaba, anaoga kwanza, anavua nguo, anapika chake, na hataki wa tabaka la chini aguse chakula wala maji yake. Sasa piga picha kikosi kizima kinafanya hivyo kikiwa safarini. Mwaka 1824 pale Barrackpore, kambi karibu na Kolkata, kikosi cha 47 kilipoambiwa kiende vita ya Burma, mojawapo ya malalamiko ilikuwa kukosa ng'ombe wa kubebea mizigo, vyombo vya kupikia vikiwemo, kwa sababu vyombo havichangiwi. Wakagoma, wakapigwa mizinga.

Ukitoka hapo msome Brian Hodgson, aliyekuwa kwenye ofisi ya Waingereza kule Kathmandu. Mwaka 1832 aliandika akisema Gurkha ananawa mikono na uso, anavua kilemba, anapika, nusu saa kamaliza, wakati askari wa Bengal anahitaji kama masaa matatu ndo awe tayari tena kutembea. Mimi kila nikiisoma ile naona karani anayepiga hesabu ya muda tu, wala dini yenyewe haimsumbui. Halafu ikaja 1857, askari wa Bengal wakaasi, ile fujo ya risasi zilizosemekana kupakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, kikosi cha Gurkha cha Sirmoor kikabaki upande wa Waingereza pale Delhi, basi hoja ya Hodgson ikapata nguvu zaidi.

Ila msije mkaandika kwenye esei kwamba Gurkha hawakuwa na miiko, hapo ndo wengi wanateleza. Nyama ya ng'ombe hawagusi. Wali na dengu zilizopikwa zilikuwa na masharti, huwezi kula na yeyote tu, ingawa vyakula vingine walichangia bila shida. Na Waingereza wenyewe walilijua hilo vizuri sana, ndo maana waliajiri kwa makabila, Magar na Gurung wa magharibi vikosi vyao, Rai na Limbu wa mashariki wakaenda kikosi cha 7 na cha 10, halafu Chhetri na Thakuri, ambao wanavaa uzi mtakatifu na miiko yao ya chakula ni mikali zaidi, wakawekwa kikosi cha 9. Mpaka jiko lilipangwa!

Kingine, mkifika vita ya 1914 (Gurkha walipigana hadi Tanga, wakiwa ndani ya Kashmir Rifles, vikosi vya mtawala wa Kashmir) msiishie kwenye taarifa za mapigano, tafuteni panapotajwa pani patiya. Hiyo ilikuwa ibada ya kujitakasa kwa aliyevuka bahari, ilibidi ipate kibali cha makuhani wa Kathmandu, na asiyeifanya akirudi kijijini ndugu zake walikuwa hawali naye.