Maswali na majibu: Kidari cha ng'ombe na haraka zenu

Wiki hii karibu kila aliyeniandikia analia na nyama ngumu. Nimeokota maswali machache. Mengine ni yale yale, mkisoma mtajikuta humu.

Shikamoo mama. Nimechemsha kidari saa moja na nusu, bado ni soli ya kiatu. Nimeuziwa ng'ombe mzee? (Nkuhungu)

Marahaba. Huenda ni mzee, ila wewe ndiye uliyeipua mapema. Kidari ni kifua, na misuli yake ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama. Tena ng'ombe wetu wa huku ametembea tangu ndama, akifuata majani na maji. Nyama hiyo imejaa utando mweupe unaofunga nyuzi zake, na utando huo hauyeyuki mpaka ukae muda mrefu kwenye joto la sentigredi 80 na kitu. Kwenye saa moja na nusu nyuzi zimeshajikunja, utando bado haujalegea. Umeipua pabaya kuliko pote.

Kilo mbili nipe saa tatu na nusu, hata nne, sufuria imefunikwa. Isichemke kwa fujo. Mwagia makaa majivu kidogo mpaka usikie sufuria inanong'ona tu. Kupima, chomeka kijiti cha mshikaki katikati: kikivutana na nyama, funika tena, kikizama chenyewe, imeiva. Na usilinganishe na dada yako wa Dar es Salaam. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye sentigredi 96 hivi badala ya 100. Muda wa pwani hautoshi huku.

Jirani hutia panadol mbili ili nyama ilainike. Kuna madhara? (Chang'ombe)

Nimelijibu hili mpaka nimechoka. Panadol ni dawa ya maumivu, na ikizidi mwilini huharibu ini. Unajua mgeni wako amemeza vidonge vingapi asubuhi kabla ya kuja kwako? Ukimkuta muuza supu anafanya hivyo, hama meza, na wengine uwaambie.

Kabla hamjauliza: magadi pia hapana. Yanalainisha kweli, lakini nyama inateleza na kunuka sabuni. Yabaki kwenye mlenda.

Na papai bichi? (Kondoa)

Kwa mshikaki, nusu saa, sawa. Kwa pande zima la kidari, nje patakuwa uji na ndani patabaki vile vile, maana utomvu wake hauzami.

Chumvi ikitiwa mapema inakaza nyama?

Hapana. Mimi napaka usiku wa kuamkia siku ya kupika.

Nundu na kidari si kitu kimoja?

Nundu iko mgongoni. Mwangalie ng'ombe, mwanangu.

Mama, nyama tamu si ile iliyochinjwa asubuhi hiyo hiyo? Mimi nawahi bucha kabla ya saa moja. (Mpwapwa)

Hapa ndipo tunapojidanganya wengi. Mnyama akishachinjwa misuli hukakamaa, na huchukua siku moja mbili kuanza kulegea. Unanunua imekakamaa, unaitia motoni imekakamaa, halafu unamlaumu mwenye bucha. Omba iliyolala kwenye friji la bucha, au iweke kwenye friji lako siku mbili. Friji, si juu ya meza ya jikoni kwa joto letu la Oktoba!

Na usikubali shoka. Sema unataka kidari pande zima na mafuta yake. Wakishakukatia vipande vya kurushwa kwenye mzani pamoja na mifupa ya shingo, kila kipande kitaiva kwa wakati wake.

Nimeona Wamarekani wanabanika kidari saa kumi na mbili kwa moshi. Nataka kufanya hivyo Krismasi. (Kisasa)

Wale wa Texas wana ng'ombe aliyenoneshwa kwa nafaka, mafuta yamepenya ndani ya mnofu, na joto lao huwa kwenye sentigredi 110 au 120. Cha kwetu ukikiiga hivyo kitakauka. Kipe moshi saa mbili mbali na makaa, kisha kiingize kwenye sufuria na vitunguu, nyanya na glasi ya mvinyo mwekundu wa zabibu zetu za Makutupora. Funika, palia makaa machache juu ya mfuniko, ukae. Jiko liwe uani. Kila mwaka watu hufa kwa hewa ya mkaa ndani ya nyumba zilizofungwa madirisha.

Presha kuka je?

Inafaa. Saa moja na robo hivi, halafu iache ishuke yenyewe. Usilazimishe mfuniko.

Kimeiva vizuri, lakini mezani wageni wanatafuna tu. (Kongwa)

Ni kisu. Kiache kidari kipoe nusu saa, tazama nyuzi zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzikingama, vipande vyembamba. Sikukuu moja nilipika tangu alfajiri, nikamwachia shemeji kisu niende kuoga. Alikata akifuata nyuzi, vipande virefu kama kamba. Watu wazima walitafuna kimyakimya kwa adabu. Siku hizi shemeji anagawa soda.