Kichwa cha taarifa kwa vyombo vya habari: habari itangulie, hafla ifuate

SWALI: Mimi ni ofisa mawasiliano wa mamlaka ya maji wilayani. Taarifa tunazotuma magazetini hazitoki. Ya mwisho ilikuwa na kichwa hiki: "YAH: HAFLA YA UZINDUZI WA MRADI WA UBORESHAJI WA HUDUMA YA MAJI SAFI NA SALAMA". Mradi umefikisha maji ya bomba kwa kaya 1,200 zilizokuwa zikichota mtoni. Tunakosea wapi?

JIBU: Habari mnayo, tena nzito, ila mmeizika. Mhariri akisoma kichwa hicho anaona hafla, na mialiko ya hafla anayo tele mezani. Kilichobadilika ni maisha ya kaya 1,200, nawe mwenyewe umelieleza hilo vizuri kuliko taarifa yenu. Andika: "Kaya 1,200 zaanza kupata maji ya bomba". Ongeza jina la kata, kwa sababu msomaji hutafuta kwanza kama jambo linamhusu.

Tazama pia kitenzi. Katika kichwa chenu hakipo hata kimoja. Kuna "uzinduzi" na "uboreshaji" vilivyounganishwa kwa "wa" na "ya", na hakuna anayetenda lolote. Magazeti yetu yana desturi yake. Lililokwisha kutokea huandikwa "zaanza", "yafungua", "wapata". Lijalo huchukua "ku": "Maji kukatika Jumamosi kata tatu". Fuata desturi hiyo na mhariri ataweza kukitumia kichwa chako kama kilivyo.

Najua kikwazo kikubwa kiko ofisini: wakubwa wanataka jina la mgeni rasmi litangulie. Hapo simama upande wa msomaji, kwa adabu lakini bila kuyumba. Jina hustahili kichwa pale mwenye jina anapotangaza uamuzi mpya, mathalani kushusha bei ya maji. La sivyo, mpe kichwa kidogo chini ya kichwa kikuu, na nukuu yake iwe aya ya pili.

Hiyo 1,200 irudiwe aya ya kwanza, ilingane na ya kwenye kichwa. Herufi kubwa tupu ziacheni. Huchosha macho, na kifupisho kama DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar es Salaam) hupotea katikati ya maneno mengine.

Mnapotuma kwa barua pepe, mahali pa mada wekeni kichwa chenyewe badala ya "Taarifa kwa umma". Wahariri wengi husoma kwenye simu, na simu huonyesha maneno machache tu ya mwanzo, kwa hiyo "Kaya 1,200" ikae mbele kabisa.