Hii gari si yangu: kupiga picha za magari nje, na kusikiliza wanaoziangalia

"Kijana, hii gari si yangu."

Afande mmoja mstaafu wa hapa Bombo, Uganda, aliniambia hivyo ameshika simu yangu kwa mikono miwili, na mimi sikumwelewa kabisa maana zile picha nilikesha nazo usiku nikiediti. Gari yenyewe ni Land Cruiser ya zamani, kijani kama jani la mgomba lililokomaa, ameitunza miaka na miaka, kuiosha anaiosha mwenyewe hampi mtu. Mimi nikaipiga saa saba mchana mbele ya nyumba yake, nikaenda kuweka priseti niliyoidaunlodi mtandaoni, yaani mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, ile inayovuta vivuli kwenye bluu na mwanga kwenye rangi ya chungwa, nikaona hapa nimefanya kazi. Yeye akaona gari ya mtu mwingine. "Yangu ni kijani. Hii ni bluu. Halafu huu mstari mweupe ubavuni, nani ameikwaruza?"

Hakuna aliyeikwaruza, ulikuwa ukuta wa jirani umejiona kwenye mlango.

Yaliniuma, sitaficha. Ila nilipozifungua zile picha upya wiki iliyofuata nikaona karibu kila alichosema juu ya editi kilikuwa kinahusu pale nilipoegesha gari na saa niliyoipiga. Tangu hapo nimepiga magari mengi, ya mabondi, zile yadi za kuuzia magari yaliyotoka nje, kule Kampala Nakawa na barabara ya Jinja, ya maharusi, ya vijana wenye Subaru zao wanaozipenda kuliko usingizi, na bado ni vile vile. Mtu akikwambia umeediti vibaya, mara nyingi anakurudisha ulikopaki.

Sasa ukipaki, kumbuka kwanza kwamba rangi ya gari ni kioo. Hupigi gari tu, unapiga kila kitu ambacho gari inakiona: ukuta, nguzo ya umeme, boda zilizopaki, wewe mwenyewe na shati lako jeupe. Kwa hiyo kabla sijatoa kamera nasimama karibu na mlango wa gari, naipa mgongo, naangalia mbele, kile ninachokiona pale ndicho kitakachoonekana ubavuni. Kama mbele yangu kuna uwanja mtupu na mbingu, nimepata. Kama kuna maduka yenye mabango ya rangi, nasogeza gari hata mita tano, nageuza kidogo, naangalia tena. Hiyo kazi ya dakika kumi inakuokolea saa tatu za kufuta vitu kwenye kompyuta, tena ukifuta kwa kompyuta mara nyingi mlango unabaki kama plastiki na watu wanaona tu hata wakishindwa kusema ni nini.

Halafu jua. Video nyingi tunazojifunzia zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanakwambia subiri ile saa ya dhahabu jioni, na wao kweli wana muda mrefu maana jua la kwao linateremka kwa mshazari. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima, karibu digrii 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga mzuri wa mwisho jua likiwa chini kabisa unapata dakika kama 25 hivi, ukizubaa umebaki na giza. Raha ni kwamba haubadiliki sana. Kampala jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, asubuhi linachomoza mida hiyo hiyo, unaweza kupanga kazi ya mwezi ujao bila kuhesabu sana. Mimi saa kumi na moja nimeshafika, gari imeshaoshwa, pembe nimeshazijaribu zote, nasubiri tu. Mchana wa saa sita mpaka tisa sipigi tena gari ya mtu kama nina uchaguzi, hasa Machi na Septemba jua linapokuwa juu ya utosi, paa na boneti vinaungua vyeupe na ubavu wote unazama kwenye kivuli, hakuna slaida ya kueditia itakayokurudishia hapo.

Msimu wa mvua watu wanaahirisha kazi na mimi nawaambia msiahirishe. Mvua ikishakatika, wingu zima linakuwa kama taa moja kubwa laini, lami inakuwa nyeusi inang'aa, na vumbi halipo. Picha zangu ninazozipenda zaidi ni za Aprili.

Vumbi letu jekundu nalo lina mambo yake. Ukipaki kwenye barabara ya murramu gari nyeupe au ya fedha, ile ardhi inarusha wekundu chini ya milango na kwenye bampa, mteja akiona anasema gari imechafuka au ina kutu. Ukishusha rangi ya chungwa kwa picha nzima ardhi inakufa inakuwa kijivu na Uganda yote imepotea hapo. Chagua sehemu ya gari tu, shusha pale pale taratibu, ardhi iache ilivyo.

Filta ya polaraiza, kile kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi, nunua ukipata, hata ya bei ya kawaida. Inakula mwanga kama stopu moja mpaka mbili, yaani nusu mpaka robo tatu ya mwanga, lakini inaondoa ule mng'ao kwenye rangi na vioo. Haiwezi kusafisha kila upande kwa mara moja, ukiizungusha mlango unatulia lakini boneti inawaka, ukiizungusha tena ni kinyume chake, ndiyo maana naweka kamera kwenye stendi napiga mbili au tatu bila kuisogeza halafu naziunganisha. Na kuna jambo lilinisumbua miezi: dada mmoja aliniandikia kwamba vioo vya nyuma vya gari yake vina madoa madoa na yeye anavijua havina. Nikadhani ni lenzi chafu. Kumbe ile filta inaonyesha alama za mkazo zilizobaki kwenye kioo kilichochomwa na kupozwa haraka kiwandani ili kiwe kigumu, na vioo vingi vya pembeni na nyuma ni vya namna hiyo, cha mbele kimetengenezwa tofauti ndiyo maana chenyewe kilikuwa safi. Yule dada hajui polaraiza ni nini wala hahitaji kujua, aliona doa akasema doa, kutafuta sababu ilikuwa kazi yangu.

Mengine haraka haraka. Shuka chini, kamera iwe usawa wa taa za mbele. Usikaribie na lenzi pana kwa sababu pua ya gari inavimba na nyuma inakuwa ndogo, rudi nyuma tumia milimita 85 au zaidi, na kama unatumia simu rudi nyuma uzumu mara mbili au tatu. Angalia nguzo isiote kwenye paa. Omba ruhusa kwa askari wa mahali ulipo, kaa mbali na kambi na ofisi za serikali, na kwenye barabara ya kasi ya Entebbe usisimame kabisa hata mteja akubembeleze vipi, magari pale yanakuja mbio. Kololo pale Kampala Jumapili alfajiri panatosha, kando ya ziwa Entebbe panatosha, na wale wanaotaka picha pale kwenye ikweta Kayabwe wafike mapema kabla mabasi ya wageni hayajajaa.

Sasa maoni. Nimejifunza kuuliza swali moja tu nikimpa mtu picha: jicho lako limeenda wapi kwanza? Siulizi "unaionaje", kwa sababu hapo rafiki atasema kali sana, shemeji atasema safi, na hujapata kitu. Ukiuliza jicho limeenda wapi, mtu anakwambia "kwenye lile pipa la taka nyuma", na wewe pipa hukuwahi kuliona kwa sababu ulikuwa unaangalia rimu. Wapigapicha wenzangu nawauliza mambo ya kazi, mwanga, makali, kama nimezidisha utofauti mpaka gari imezungukwa na ule mstari mweupe kama moshi. Mwenye gari namuuliza rangi. Hakuna anayejua rangi ya gari kumshinda anayeilipia mafuta. Siku hizi naipiga kwanza na karatasi nyeupe karibu na mlango, halafu nikiediti narekebisha rangi mpaka hiyo karatasi ionekane nyeupe kweli kabla sijagusa kitu kingine.

Kuna malalamiko mengine hayahusu jicho lako hata kidogo. Mtu akisema "picha haziko klia", muulize amezipataje, maana WhatsApp inazibana, nami nilikuwa natuma kama picha za kawaida, siku hizi natuma kama dokumenti. Akisema "ni giza", jiulize uliediti wapi. Nilikuwa naediti usiku taa zimezimwa na skrini imewaka mwisho, picha zinaonekana zina mwanga wa kutosha, mteja anazifungua mchana juu ya boda anaona weusi mtupu. Nimeshusha mwanga wa skrini mpaka nusu, na sitoi kazi kabla sijaitazama asubuhi kwenye simu, nje.

Halafu kuna maoni ya kukataa. Bondi moja waliniomba nifute mbonyeo kwenye mlango wa Premio na kukwaruzika kwenye bampa, wakasema wenzangu wote wanafanya. Vumbi nafuta, kinyesi cha ndege nafuta, namba ya gari naificha. Mbonyeo siufuti kwenye gari inayouzwa, kwa sababu kuna mtu atapanda basi kutoka Arua au Mbale na sente zake za miaka akifuata ile picha, na mlango ataukuta pale pale. Niliwaambia hivyo kwa heshima, wakanilipa za siku ile, hawakuniita tena. Ningejibu hivyo hivyo leo. Ila gari ya mtu inayokwenda ukutani kwake, akitaka mkwaruzo utoke, ni gari yake, nautoa.

Na patana mapema marekebisho ni mara ngapi. Mimi nasema mara mbili ndani ya bei ile ile, ya tatu tunazungumza, na nahifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, pamoja na kila toleo, kwa sababu mteja atakuja kusema lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi na mara nyingine ni kweli.

Kwa afande nilirudi baada ya miezi minne. Sikumwomba sente. Tuliipeleka gari kwenye uwanja wa majani wazi, mbele hakuna ukuta wala mti, saa kumi na mbili na robo jioni, karatasi yangu mkononi. Nikapiga kadhaa nikamwonyesha pale pale kwenye kamera kabla mwanga haujaondoka. Alivaa miwani, akaangalia muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu dakika.

"Hii ni yangu," akasema. "Lakini kijana, mbona tairi linakupa mgongo?"

Kweli, nilikuwa nimeacha gurudumu la mbele limekatwa upande wangu, unaona meno ya tairi tu, rimu imejificha. Nikaanza kuomba funguo, akakataa, akapanda mwenyewe, akawasha, akakata usukani upande wa pili mpaka rimu ikanitazama, akazima, akateremka akasimama nyuma yangu. Nikapiga tatu, jua likaingia. Ya pili ndiyo iko sebuleni kwake, juu ya redio.