Maswali na Majibu: Kununua Bendiso Kubwa kwa Karakana ya Nyumbani

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu msumeno wa mkanda, ambao mafundi wengi huuita bendiso, na hasa zinatoka kwa wasomaji wanaotaka kuiacha ile ndogo ya inchi 14 ili wanunue kubwa zaidi. Nimechagua sita.

Nina bendiso ya inchi 14 yenye mota ya nguvu farasi 1. Ninapopasua mninga wa kimo cha inchi 6 ili nipate mbao nyembamba za paneli za milango, ubao hutoka na tumbo katikati. Nikinunua ya inchi 18, tatizo litaisha? (Msomaji wa Morogoro)

Huenda likaisha kabla hujatoa fedha ya mashine. Tumbo hutokea pale bledi, yaani ule mkanda wenye meno, inapopinda ndani ya mti, na mara nyingi chanzo ni bledi butu au yenye meno mengi mno kwa kazi hiyo. Meno madogo yana mabonde madogo kati yake. Mabonde hayo yakijaa unga wa mbao kabla jino halijatokeza upande wa chini, unga hukosa pa kwenda na bledi husukumwa pembeni. Funga bledi mpya ya upana wa nusu inchi yenye meno 3 kwa kila inchi, ikaze vizuri, usukume ubao polepole, kisha uangalie matokeo.

Ikiwa bado unataka kubwa, fahamu kwamba inchi 14 au 18 ni kipenyo cha gurudumu. Kipimo hicho kinakujulisha nafasi iliyopo kati ya bledi na nguzo, ambayo hupungua kidogo kuliko kipenyo chenyewe, lakini hakikwambii chochote kuhusu kimo cha mti unaoweza kupita chini ya viongozi vya bledi (vishikizo vinavyoizuia bledi isiyumbe), nawe mpasuaji wa paneli unanunua kimo. Bendiso nyingi za inchi 14 zenye fremu ya chuma cha kusubu hupasua kimo cha inchi 6. Kuna kipande cha kuinulia fremu kinachofikisha kimo hadi inchi 12, ila mimi sikipendi, kwa sababu mota inabaki ileile, na springi ya kukazia bledi inabaki ileile, huku mzigo ukiwa umeongezeka maradufu.

Faida ya kweli ya inchi 18 iko kwenye fremu na kwenye gurudumu. Bledi pana huhitaji mkazo mkubwa, na fremu nzito ya bamba la chuma lililochomelewa huuhimili mkazo huo bila kujikunja. Gurudumu kubwa nalo huikunja bledi kidogo tu katika kila mzunguko, kwa hiyo bledi nene haichoki mapema. Mafundi wa zamani walikadiria kwamba unene wa bledi usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu, yaani karibu nusu milimita kwa gurudumu la inchi 18. Kwa maoni yangu, anayepasua mti mgumu wa kimo cha inchi 8 au zaidi kila wiki anaihitaji mashine hiyo. Wewe wa inchi 6, anza na bledi.

Nimepata bendiso ya nguvu farasi 3, lakini mota yake ni ya umeme wa njia tatu na nyumbani nina njia moja tu. Niiache? (Msomaji wa Mwanza)

Usiiache kabla hujasoma kibao cha mota. Kikiandikwa volti 230/400, mota hiyo inaweza kuunganishwa kwa mtindo wa delta (namna mojawapo ya kuunganisha nyaya za mota) na kuendeshwa na inveta ya mota, yaani kifaa kinachopokea umeme wa njia moja wa nyumbani na kutoa njia tatu za volti 230. Inveta huiwasha mota taratibu, na hilo ni jambo kubwa kwa nyumba zetu, maana mota inayowashwa moja kwa moja huvuta kwa muda mfupi umeme mara tano hadi saba ya kawaida yake, ndiyo sababu taa za jirani hufifia. Kibao kikiandikwa 400/690, njia hiyo haifai. Tafuta mota nyingine na uishushe bei ya mashine kwa kiasi hicho.

Ukiweka mota ya njia moja ya nguvu farasi 3, itavuta takriban ampea 13 ikiwa kazini. Plagi ya kawaida ya ampea 13 itakuwa kwenye ukomo wake kila siku, hivyo mwite fundi umeme avute waya wa peke yake kutoka kwenye bodi kuu hadi kwenye mashine.

Shemeji yangu aliyeko Marekani anataka kunitumia bendiso yake ya inchi 18 kwenye kontena. Itafanya kazi hapa? (Msomaji wa Mombasa)

Itafanya kazi, lakini hesabu gharama ya mota. Umeme wa kule ni wa hezi 60 na wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mota ileile itazunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za mwendo wake, na huenda ikapata joto kupita kiasi. Ni afadhali ufunge mota ya hapa. Kwa kuwa nayo itazunguka polepole kuliko ile ya kwanza, ongeza kipenyo cha puli ya mota (kigurudumu kinachovuta mkanda wa kuendeshea mashine) kwa sehemu moja ya tano: iliyokuwa na kipenyo cha inchi 4 iwe na inchi 4.8, na bledi itarudi kwenye mwendo wake wa kawaida wa mbao, ambao ni karibu mita 15 kwa sekunde.

Nikague nini ninapokwenda kuona bendiso iliyotumika? (Msomaji wa Nakuru)

Nenda na bledi yako, kwa kuwa muuzaji asiye na bledi hukuonyesha mota inayounguruma tu. Kabla ya kuwasha, shika gurudumu kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza, beringi zimekwisha, na hizo hubadilishwa kwa urahisi. Fremu yenye ufa ni jambo jingine: ondoka. Tairi za mpira zilizokauka zisikutishe.

Pima pia urefu wa bledi. Ikiwa magurudumu yana kipenyo cha sentimita 45 na vitovu vyake vimeachana kwa sentimita 115, zidisha 115 kwa 2, kisha ongeza 45 mara 3.14, upate karibu sentimita 371. Ulizia ni nani mjini kwako anayechomelea bledi za urefu huo. Na upime mlango wa karakana, maana mashine hizi aghalabu huzidi kilo 150. Mimi niliwahi kubomoa fremu ya mlango wangu mwenyewe.

Mbona mvule na mnazi huua bledi zangu? (Msomaji wa Tanga)

Mvule huficha mawe ya chokaa ndani yake, na mnazi una silika, yaani madini magumu kama ya mchanga. Nunua bledi yenye ncha za kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, kama kazi yako ni hiyo siku zote; vinginevyo, tumia za kawaida na uzinoe mara kwa mara.

Je, bendiso kubwa inahitaji mashine ya kufyonza vumbi? (Msomaji wa Zanzibar)

Ndiyo, na uiweke kwenye bajeti ileile. Vumbi la mninga huwasha pua na hubana kifua, na tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Chagua bendiso yenye tundu la kufyonzea la inchi 4 chini ya meza, karibu na pale bledi inapotokea, kwa sababu likiwa chini kabisa ya kabati la gurudumu, sehemu kubwa ya vumbi laini itakuwa imekwisha kukufikia.