Mkate ulionikataa mara tatu

Wiki ya tisa baada ya upasuaji wa kupunguza uzito nilikaa mezani na kipande cha mkate kisichozidi nusu ya kiganja. Nilikuwa nimeshapita hatua zote: vinywaji vyepesi, vinywaji vizito, vyakula vya kusagwa, kisha vilaini. Daktari alikuwa ameniruhusu kuanza vya kawaida kidogo kidogo, na mimi kwa wiki zote hizo nilikuwa nikiota mkate. Nikatafuna mara nne au tano, nikameza. Sikuwahi kukata kipande cha pili. Kifua kilibana kama kuna mtu amenikanyaga katikati ya mbavu, mate mazito yenye povu yakajaa mdomoni, hayamezeki wala hayaishi. Baada ya dakika ishirini hivi za kuinama kwenye sinki, mkate ulitoka karibu kama ulivyoingia. Nikaapa siugusi tena.

Kiapo kile kilikuwa cha haraka mno. Huu ni mwaka wangu wa tatu na mkate naula. Kama nawe umetoka kwenye chumba cha upasuaji na chakula ulichokipenda kuliko vyote kimekugeuka, usikiage bado.

Mimi nilifanyiwa ule upasuaji wa kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, kinachounganishwa na utumbo mwembamba kwa tundu jembamba. Wengine hukatwa robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki kama mrija. Njia ni tofauti lakini hasara moja ni ile ile: tumbo la zamani lilikuwa kinu. Ulimeza mapande, lenyewe likayaponda na kuyachuja taratibu. Sasa kinu hicho umebaki nacho mdomoni. Chakula ambacho meno hayakukimaliza kinashuka kama kilivyo hadi kwenye njia nyembamba, na miezi ya mwanzo njia hiyo bado ina uvimbe wa mshono.

Ukilijua hilo, orodha ya wakorofi inaeleweka. Mkate laini ukikutana na mate hurudi kuwa donge la unga linalonata. Nyama ya ng'ombe ina nyuzi ndefu zisizokatika kirahisi. Tambi na wali vinashikana na kuvimba. Na kuku wa jana aliyepashwa moto, jamani, huyo ni mkavu kuliko mbao; nadhani amenitoa machozi kuliko kidonda chenyewe.

Mtaalamu wa lishe aliponisikia nikisema "mkate haunifai", alinisahihisha: sema leo haukunifai. Akanipa kazi ya kuandika kila kilichokwama, lakini si jina la chakula tu. Kilipikwaje, kilikuwa kikavu au na mchuzi, saa ngapi, nilikunywa maji lini, nilikula nikiwa nimekaa au nikikimbizana na saa. Niliona ni usumbufu. Baada ya mwezi mmoja nikafungua daftari na kujicheka: samaki yule yule alipita vizuri Jumanne jioni na akakwama Alhamisi asubuhi. Alhamisi nilikuwa nimechelewa kazini na nilikula nimesimama. Kosa halikuwa la samaki.

Mara ya pili mkate ulinikataa kwa sababu ya maji. Nilikunywa glasi nikiwa bado natafuna, ingawa nilishaambiwa nikimaliza kula nisubiri angalau nusu saa kabla ya kunywa. Kifuko kidogo hakina nafasi ya vyote viwili. Mara ya tatu nilijaribu mkate uliotoka kwenye oveni muda ule, wa moto na laini, nikidhani ulaini ndio salama. Kumbe ni kinyume chake. Uliopita ni ule uliokaushwa juu ya moto hadi ukawa mgumu na kuvunjika vipande, kwa sababu unasagika na haugeuki donge. Niliula baada ya kumaliza samaki, robo kipande, nikiweka chini kila baada ya kuuma. Nilitafuna hadi nikachoka taya.

Nyama ilichukua muda zaidi. Nilianza na ya kusaga iliyopikwa ndani ya mchuzi, nikaja kwenye iliyochemshwa polepole hadi inachambuka kwa uma. Kipande cha kuchoma sikukiweza mpaka mwaka ulipopita, na hata sasa nakikata kidogo kama punje ya harage. Ukishindwa, rudi kwenye vyakula laini siku moja mbili uache tumbo litulie, kisha subiri wiki kadhaa kabla ya kurudia. Jaribio lifanyie nyumbani, siku ambayo huna pa kwenda. Na uujue mwili wako unavyopiga honi: wengine hupata kwikwi, wengine chafya, mimi pua huanza kuchuruzika. Honi ikipigwa, acha. Kijiko kimoja baada ya hapo ndicho kinachokupeleka kwenye sinki.

Sukari ni kesi nyingine, msiichanganye na kukwama. Niliwahi kula bakuli dogo la aiskrimu, likateleza bila shida yoyote. Hazikupita dakika ishirini, moyo ukaenda mbio, jasho jembamba likanitoka, tumbo likasokota, nikalala sakafuni nikisubiri kufa. Sukari nyingi ikimwagika ghafla kwenye utumbo huvuta maji mengi kutoka mwilini, na vurugu yote hiyo ndiyo matokeo yake. Kuna wanaoshikwa saa moja hadi tatu baadaye, mwili unapomwaga insulini kupita kiasi na sukari ya damu kuporomoka. Hapo daftari na kutafuna havisaidii sana. Dawa ni kula kwa kipimo. Mimi siumii kusema kwamba aiskrimu sijairudia.

Liko pia jambo lisilohitaji ujasiri wala daftari, bali simu kwa timu iliyokupasua. Kama hata maji hayapiti, au unatapika mfululizo siku nzima, usikae ukijilaumu kwamba hukutafuna. Tundu linaweza kuwa limesinyaa na likahitaji kupanuliwa. Kutapika kwa siku nyingi kunaweza pia kukumalizia vitamini B1, na upungufu huo huharibu mishipa ya fahamu. Kuwa na maumivu makali ya tumbo au kutapika damu ni safari ya hospitali, si ya kusubiri kesho.

Sasa niseme nilichotamani kuambiwa mapema. Siku mkate ulipopita bila kelele nilifurahi kama mtoto, na ndipo mashaka mengine yalipoanza. Vyakula vinavyorudi kwa urahisi mara nyingi ndivyo visivyo na faida: biskuti, viazi vya kukaanga, vitu vinavyovunjika na kuteleza. Nyama inakwambia umeshiba kwa vijiko vinne, biskuti haikwambii kitu. Mwaka wa pili niliongeza kilo nne huku nikijisifu kwamba tumbo langu "limezoea". Siku hizi protini inatangulia sahani, kwa sababu nina lengo la gramu 60 kwa siku na nafasi ni ndogo. Mkate unakuja mwisho, ukipata pa kukaa. Siku nyingine haupati, na sioni uchungu niliodhani ningeuona.

Kuna kilichokataa katakata: mayai ya kukaanga, niliyokuwa nikila kila asubuhi ya maisha yangu. Hayakwami. Harufu yake tu imebadilika puani, inanitia kichefuchefu kabla sijakaa. Ya kuchemsha nayaweza, ya kukaanga hapana. Jumamosi iliyopita nilijaribu tena, nikauma mara moja, nikasukuma sahani kwa mwenzangu, akala akishangilia. Nimeandika tarehe. Miezi mitatu ijayo namkaangia, nami nitaonja kwenye sahani yake.